Siku Wii Ilipotua Sori

Najua nimepotea kwa muda. Kazi zimenibana, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikianza kusaka hitilafu kwenye programu huwa sionekani hata wakati wa chakula. Leo nimeweka msimbo kando nizungumzie gemu. Si gemu mpya. Nataka turudi mwaka 2011, tufike Sori, Karungu, kwenye kibanda cha mabati cha kaka yangu, kwa sababu kuna jambo lilitokea pale ambalo nimelibeba hadi leo, na mwezi uliopita lilinizuia kufanya kosa lile lile mara ya pili.

Kwa wasiopajua, Karungu iko Nyatike, kaunti ya Migori, kwenye ghuba ya Ziwa Victoria. Ukitoka Rodi Kopany unapita Ndhiwa, unateremka hadi maji yakusimamishe. Sori ndio mji wetu. Watu wanaishi kwa samaki: mbuta, ngege, na zaidi ya wote omena, wale dagaa wadogo wanaoanikwa juu ya nyavu ufuoni hadi harufu inakuwa sehemu ya nguo zako. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Shikeni hilo la mwezi, nitalirudia.

Kaka yangu (ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka tu) alikuwa na kibanda cha gemu karibu na soko. Hatua tano kwa tatu, benchi mbili, runinga moja ya mgongo mkubwa na PlayStation 2 moja iliyofunguliwa ili isome CD za kunakiliwa. Mechi moja ya Pro Evolution, shilingi 10. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki na mwingine analipa. Stima ikipotea tunavuta jenereta ndogo ya petroli, na bei inapanda kidogo bila mtu kulalamika.

Usiku wa giza kibanda kilikuwa cha watoto wa shule kama mimi. Mwezi ukijaa, wavuvi wanakuja. Hapo ndipo ungeona mchezo! Kulikuwa na mmoja aliyekuwa bingwa wetu, mtu wa mikono mipana iliyopasuka kwa kamba, na vidole vyake kwenye pedi vilikuwa vyepesi kama vya fundi wa saa. Alikuwa na pasi moja ya kupenyeza katikati ya mabeki wawili ambayo sisi watoto tulijaribu kuiiga kwa miezi bila kufaulu. Watu walikuwa wakija kumtazama tu. Yeye hakumiliki gemu hata moja maishani mwake, lakini kama kuna mtu aliyestahili kuitwa mchezaji sugu, ni yule.

Sasa tuangalie dunia ilikuwa inafanya nini wakati huo.

Mwaka 2006 Nintendo walitoa Wii. Badala ya pedi yenye vitufe vingi, unashika rimoti nyeupe na kuitikisa: unarusha, unapiga, unabingirisha. Rais wao wa wakati huo, Satoru Iwata, hakuficha nia. Alitaka watu ambao hawajawahi kucheza gemu, mama, babu, nyanya. Na wakaja. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, na gemu ya Wii Sports, ambayo katika nchi nyingi ilikuja ndani ya boksi, ilifikia nakala zaidi ya milioni 82. Wengine waliona pesa hizo na kufuata. Septemba 2010 Sony wakatoa Move, fimbo yenye mpira unaong'aa ambao kamera inaufuata. Novemba mwaka huo Microsoft wakatoa Kinect, ambayo haishikwi kabisa: kamera inautazama mwili wako wote. Kinect iliuzwa milioni 8 katika siku 60 za kwanza.

Wachezaji sugu walilalamika sana. Mwaka 2008, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Nintendo walipanda jukwaani kuonyesha Wii Music, watu wanapiga ngoma hewani, na mashabiki wa miaka mingi wakahisi wameachwa stendi. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi ndio tuliowalisha tangu zamani, leo mnatukimbia kwa sababu ya watu watakaocheza Krismasi moja kisha waifungie mashine kabatini.

Mimi nilikuwa darasa la saba, na nilisoma yote hayo kwa simu ya baba, kupitia Opera Mini, herufi ndogo hadi macho yanauma. Na niliamini upande wa makampuni. Niliamini kabisa kwamba pedi imekufa.

Desemba 2011 jamaa mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi Marekani alikuja nyumbani kwa mazishi, na mizigoni alikuwa na Wii iliyotumika. Aliiuza kwa shilingi 18,000. Kaka alikuwa na pesa hizo. Msimu wa omena ulikuwa umefunguliwa tangu Agosti (kila mwaka hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane), na alikuwa ameweka akiba ili anunue PS2 ya pili na runinga ya pili. Hesabu yake ilikuwa safi: runinga mbili, foleni mbili, mapato mara mbili.

Aliniuliza mimi. Mtoto wa miaka 13! Lakini mimi ndiye niliyekuwa nasoma kuhusu gemu, na kwetu anayesoma anaaminika. Nikamwambia, "Kaka, PS2 ni ya mwaka 2000. Dunia imehama. Ukiwa na Wii, hakuna kibanda kingine kutoka hapa hadi Migori kitakachokufikia. Hata akina mama watakuja."

Akanunua.

Shida ya kwanza ilikuja kabla hatujaiwasha. Fundi wa redio alipoitazama adapta yake alitikisa kichwa. Ilikuwa ya umeme wa Marekani, volti 120, na ukutani kwetu kuna 240. Kaka akaongeza pesa ya transfoma ya kupunguza umeme. Shida ya pili: Wii ilikuwa imefungwa kwa eneo, hivyo diski za nchi nyingine haisomi, na CD zetu za kunakiliwa ndiyo kabisa. Tulibaki na Wii Sports peke yake.

Lakini wiki mbili za kwanza, jamani, kibanda kilifurika. Shilingi 20 kwa raundi moja ya kubingirisha mpira wa kuangusha chupa. Watu walisimama hadi nje. Na akina mama walikuja kweli! Dani, yaani nyanya yetu, alitoka kuanika omena na mikono bado ina magamba, akashika ile rimoti kama anavyoshika mwiko, akarusha, chupa zote kumi zikaanguka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Alikuwa na zaidi ya miaka 70 na hakuwahi kugusa kitu chochote cha aina hiyo. Pedi ya PS2 ilikuwa kibandani miaka mitano na hakuna aliyewahi kufikiria kumpa.

Naeleza hili kwa makusudi, ili mtu asidhani nimekuja kuponda. Iwata hakukosea kuhusu dani. Mlango ule ulikuwa umefungwa na yeye akaufungua.

Tatizo ni yaliyofuata.

Kwanza, betri. Pedi ya PS2 ina waya. Inakula umeme wa mashine. Kila rimoti ya Wii inakula betri mbili ndogo za AA, na zile za bei rahisi za dukani kwetu ziliisha ndani ya siku mbili. Kaka alianza kuandika daftari la betri.

Pili, nafasi. Kwenye hatua tano kwa tatu, mtu mmoja akirusha mkono, watazamaji wote wanarudi ukutani. Wavuvi wana mikono yenye nguvu na mara nyingi yenye mafuta ya samaki. Rimoti iliponyoka mara mbili. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata kwa wenye sebule kubwa jambo hilo lilitokea, ndiyo maana Desemba 2006 Nintendo walijitolea kubadilisha kamba za mkononi milioni 3.2. Na Kinect je? Hiyo ilitaka mchezaji mmoja asimame karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wawili warudi nyuma zaidi. Kwetu hapo ungekuwa umeshaegemea mlango.

Tatu, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi nilipokuja kuielewa chuoni. Kila siku ikifika saa kumi jioni, kile kimkono cha kuonyesha kwenye skrini kilianza kurukaruka kama kina wazimu. Tulidhani mashine imeharibika. Wengine walisema ni jini. Maelezo ni haya: mbele ya rimoti kuna kamera ndogo inayoona miale ya infraredi tu. Kile kijiti unachokiweka juu ya runinga hakina akili yoyote, ni vikundi viwili vya taa za infraredi. Rimoti inaziona nukta mbili, inapiga hesabu ya zilipo, na kutokana na hapo inajua unaelekeza wapi. Hata mishumaa miwili inaweza kufanya kazi hiyo, maana moto nao unatoa miale hiyo. Sasa, runinga yetu ilikuwa imeegemea ukuta wa upande wa ziwa, magharibi, na mabati yalikuwa ya mitumba, yamejaa matundu ya misumari ya zamani. Jua likishuka juu ya ziwa, kila tundu linakuwa nukta ya infraredi. Rimoti badala ya kuona nukta mbili inaona kundi zima la nyota!

Tulitundika blanketi. Ikasaidia, lakini kibanda kikawa tanuri.

Hayo yote yangeweza kuvumilika. Kilichoua biashara ni kitu kingine, na aliyekigundua ni yule bingwa.

Mwezi ulipojaa Januari, wavuvi walirudi. Bingwa akalipa, akarusha mara kadhaa kwa mkono mzima kama wengine. Kisha akakaa kwenye benchi. Akawa anatikisa kifundo cha mkono tu, kidogo, kama anafukuza nzi, na chupa zikawa zinaanguka vile vile. Ndani ya siku tatu kila mtu alijua siri hiyo. Mtoto wa darasa la nne alikuwa anapata alama karibu sawa na bingwa. Akaweka rimoti chini, akamwambia kaka maneno ambayo sijayasahau: "Hii mashine hainijui."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye ile pedi ya zamani alikuwa mtu. Mashine ilikuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba amejifunza, kwamba pasi ile ni yake na si ya mwingine. Akselerometa ya Wii ilihisi kwamba kuna mtikiso, lakini mtikiso wa stadi na wa asiye stadi haikuweza kuutenganisha vya kutosha. Alitoa shilingi 20 na hakupata kitu cha kurudia kesho.

Akaomba PS2. Lakini lenzi ya PS2 ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, na pesa ya kuitengeneza ilikuwa imeingia kwenye transfoma na betri. Wavuvi wakahamia kibanda kingine upande wa pili wa soko. Na akina mama? Dani nilimuuliza mbona harudi. Akanijibu kwa Kijaluo kwamba ilikuwa tamu sana, lakini hana shilingi 20 ya kurusha mpira usiokuwepo. Alikuja mara moja, akafurahi, akamaliza.

Machi 2012 kaka aliuza Wii kwa shilingi 6,000. Kibanda kilifungwa kabla omena haijafungwa. Alirudi ziwani kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, kwa mgao.

Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Ukitazama nyuma, kilichotokea Sori kilitokea pia kwa wakubwa, tofauti ni sufuri tu. Wale wachezaji wa kupitisha wakati ambao makampuni yaliwafukuzia hawakuwa wa konsoli. Walikuwa wa kitu chochote kilicho karibu. iPhone ilikuja 2007, Angry Birds mwaka 2009. Hapa Kenya, mwaka 2011 watu walianza kununua simu za Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000. Gemu ikaingia mfukoni, bila runinga na bila kusimama. Nintendo walipotoa Wii U mwaka 2012 wakitegemea wateja wale wale, waliuza milioni 13 na nusu tu. Microsoft walitoa Xbox One Novemba 2013 na kulazimisha kila mnunuzi achukue Kinect, kwa dola 499, wakati PS4 ilikuwa 399. Juni 2014 wakaanza kuuza Xbox One isiyo na Kinect kwa 399. Uzalishaji wa Kinect ulikoma 2017.

Na ile PS2 niliyoiita maiti? Sony waliendelea kuitengeneza karibu miaka 13, ikauzwa zaidi ya milioni 155. Mwaka 2013 bado ilikuwa inatolewa FIFA na Pro Evolution mpya kwa ajili yake. Nani alikuwa anazicheza? Ni watu kama wale wa vibanda. Na kutoka kwenye utamaduni wa pedi ndipo walipotoka mabingwa wetu wa leo. Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kwa ajili ya Tekken, gemu ya vidole na kukariri, si ya kutikisa mikono.

Lakini tusiwe wepesi kusema teknolojia ile ilikuwa ya bure. Kampuni ya PrimeSense, ambayo ndiyo iliyobuni jicho la Kinect ya kwanza, ilinunuliwa na Apple mwaka 2013, na mwaka 2017 iPhone X ilikuja na kamera inayosoma sura kwa njia inayofanana sana na ile: inamwaga nukta za infraredi usoni na kupima zilivyokaa. Nintendo wenyewe waliporudi na Switch mwaka 2017, vihisi vya mwendo viliwekwa ndani ya pedi ya kawaida yenye vitufe. Unataka kurusha mkono, rusha. Unataka vidole, vipo. Imepita milioni 150.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, lile ambalo nusura nilifanye.

Nina programu ndogo ninayoitengeneza kwa ajili ya akina mama wanaonunua omena ufuoni na kuuza Migori na Kisii: nani amechukua ndoo ngapi, nani anadaiwa. Toleo la kwanza ni menyu ya nambari kwenye simu ya kawaida. Bonyeza 1, bonyeza 4, andika kiasi. Ni mbaya kwa macho. Mwaka huu nimetengeneza toleo la simu janja lenye picha na sauti, zuri kwelikweli, na nilipanga kuizima menyu ya zamani. Watumiaji wapya wangekuwa wengi, na kutunza vitu viwili ni kazi mara mbili.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Nikamwonyesha kaka. Alilishika simu, akabonyeza picha, akaipenda. Kisha akauliza, "Na wale wa pedi?"

Nikamuuliza wale gani. Akanipeleka ufuoni. Kuna mama mmoja pale, mfanyabiashara mkubwa, anatumia ile menyu mbaya. Nilisimama nyuma yake. Hatazami simu kabisa. Kidole gumba kinakwenda 1, 4, 2, kiasi, tuma, huku mdomo unabishana bei na mvuvi na jicho liko kwenye ndoo isije ikajazwa nusu. Anamaliza kabla mimi sijafungua picha ya kwanza. Amejifunza kitu changu kuliko mimi niliyekiandika, na mimi nilikuwa njiani kumnyang'anya.

Menyu inabaki. Toleo la picha nalo litatoka, kwa akina dani wa dunia hii, maana nao wana haki ya mlango wao. Itanigharimu Jumamosi nyingi, lakini zile Jumamosi za kaka alizopoteza mwaka 2012 zilikuwa nyingi zaidi.

Siku ya kuondoka nilimpa kaka kifurushi. PS4 iliyotumika na pedi mbili. Nilikuwa nimejaribu kumpa pesa siku za nyuma akakataa, kwa hiyo safari hii sikumwambia. Aliifungua, akaigeuza nyuma akasoma volti kwanza, kisha akashika pedi.

"Haina waya?"

"Ina betri ndani, kaka. Lakini ukiichomeka waya wa kuchaji inacheza vilevile."

"Basi niletee waya mirefu," akasema, na akaanza kupima ukuta kwa hatua.

Mwezi unajaa wiki ijayo. Mimi narudi kwenye msimbo. Tuonane tena panapo majaliwa.